Upungufu uliofichua Bonde la Ufa

Gunia la mahindi la kilo 90 likipimwa London kwa mizani ya springi, kisha gunia na mizani hiyo hiyo vikaletwa Huruma, Eldoret, bila mizani kurekebishwa, mshale utaonyesha pungufu ya zaidi ya gramu 300. Hakuna punje iliyoibwa. Kilichopungua ni nguvu ambayo dunia inayavuta nayo mahindi hayo. Ndiyo maana mizani ya springi hurekebishwa pale inapotumiwa, ilhali mizani ya mawe haitetereki popote, kwa kuwa mzigo na mawe hupungukiwa pamoja.

Sababu mbili za upungufu huo zinajulikana tangu zamani. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alifika Cayenne, Amerika Kusini, akakuta saa yake ya pendulamu inachelewa kwa takriban dakika mbili na nusu kila siku. Isaac Newton alilieleza jambo hilo mwaka 1687: dunia imetuna katikati kwa sababu inazunguka, hivyo aliye karibu na ikweta yuko mbali zaidi na kiini chake, na mzunguko wenyewe unampunguzia uzito. Huruma iko nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta. Sababu ya pili ni mwinuko, maana Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwanariadha wa kilo 60 anayejifua hapa anavutwa chini kwa nguvu pungufu kidogo kuliko akiwa London, tofauti ya gramu 200 na kitu. Hata hivyo, ushindi wa wakimbiaji wetu usitafutwe huko. Hewa nyepesi ya nyanda za juu ina uzito mkubwa zaidi katika habari hiyo.

Sababu ya tatu ndiyo iliyowaumiza wanasayansi vichwa.

Wa kwanza kuikaribia katika ukanda wetu alikuwa Mjerumani Ernst Kohlschütter, aliyepima uvutano kwa pendulamu mwaka 1899 na 1900 katika koloni ambalo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania bara. Baadaye, mwaka 1933 na 1934, akaja kijana wa Cambridge, Edward Bullard, aliyekuwa hajatimiza miaka 30. Alizunguka Afrika Mashariki na pendulamu zilizobembea ndani ya kasha lililoondolewa hewa, akilinganisha mwendo wake na mawimbi ya redio kutoka Rugby, Uingereza. Hesabu yenyewe ni rahisi kueleza, ngumu kutekeleza: uvutano ukipungua, pendulamu hubembea polepole. Saa ya pendulamu iliyo sahihi London ingechelewa Huruma kwa zaidi ya dakika mbili na nusu kwa siku. Lakini tofauti kati ya kituo kimoja cha Kenya na kingine ni ndogo mno kuliko hiyo, na ndiyo aliyokuwa akiiwinda.

Bullard alichapisha matokeo mwaka 1936. Ukiondoa athari ya ikweta na ya mwinuko, kisha ukaongeza mvuto wa miamba ya nyanda zenyewe, bado namba zilipungua kuliko zilivyotarajiwa, na upungufu uliambatana na Bonde la Ufa. Chini kulikuwa na kitu chepesi. Yeye akadhani kwamba kingo za bonde zinasukumana, zikiikandamiza sakafu yake isiinuke.

Namba zake zilikuwa sahihi, maelezo yalikuwa kinyume. Vipimo vya miaka ya 1960 na 1970 vilionyesha kwamba ardhi inavutwa pande mbili, na chini ya nyanda zetu kuna mwamba wenye joto kali, uliotanuka ukawa mwepesi. Wepesi huo unabeba sehemu kubwa ya mwinuko huu. Kati ya 1985 na 1994, watafiti wa mradi wa KRISP walilipua baruti na kupima mitetemo yake ardhini: gamba la dunia lina unene wa takriban kilomita 35 karibu na Naivasha, na kama 20 tu huko Turkana. Kwa mtu wa Huruma habari hii si ya mbali. Mwendo mfupi wa gari kufika Iten unamtoa kwenye uwanda tambarare hadi ukingoni, ambapo ardhi inaporomoka zaidi ya mita 1,000 kuelekea Bonde la Kerio.

Nami nasema kazi ya Bullard ilizaa matunda yaliyo mezani mwetu. Joto lile lile linalopunguza uvutano ndilo linaloendesha mitambo ya Olkaria, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1981. Wahandisi wa huko huendelea kupima uvutano, kwa sababu mvuke ukitolewa bila maji kurudishwa ardhini, namba hushuka na kuwaonya. Hata angani kazi inaendelea. Setilaiti pacha za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002 zikifuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi, zilitambua kushuka kwa maji ya Ziwa Viktoria miaka michache baadaye kwa jinsi mvuto wa eneo hilo ulivyopungua.

Pamoja na hayo yote, wanafunzi wetu bado wanakariri 10 kuwa kipimo cha uvutano, mtihani upite haraka. Walimu wa fizikia wa Huruma na Eldoret nzima, fungeni jiwe kwa uzi wa mita moja, wapeni wanafunzi simu yenye saa ya kupimia, wahesabu mibembeo midogo 100 ya kwenda na kurudi. Itachukua sekunde 201 hivi. Waipige hesabu wenyewe, waone inavyokaribia 9.78, kisha muwaeleze ni kwa nini namba ya nyumbani kwao iko chini kuliko ya London.