Elimu ya tiba kwa kompyuta na simu Afrika Mashariki

Katika kufundisha tiba barani Afrika kuna tatizo ambalo vyuo peke yake havijaweza kulitatua: mhudumu anayehitaji zaidi kuongeza elimu ndiye huyo huyo asiyeweza kukosekana kazini. Muuguzi wa zahanati ya kijijini akiitwa chuoni kwa miaka miwili, wagonjwa wake hubaki na mlango uliofungwa. Akibaki kazini, huendelea kutibu kwa maarifa aliyoyapata miaka mingi iliyopita, ilhali maradhi na dawa vimebadilika.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 zimefanyika juhudi za kutumia setilaiti, kompyuta na hatimaye simu ya mkononi, ili elimu imfuate mhudumu mahali alipo. Matokeo yake yanatofautiana, na tofauti hizo zina mafunzo yake.

Ukubwa wa tatizo

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba bara la Afrika lilibeba asilimia 24 ya mzigo wa maradhi duniani, lakini lilikuwa na asilimia 3 tu ya wafanyakazi wa afya. Nchi 57 zilitajwa kuwa katika hali ya hatari kwa upungufu wa madaktari, wauguzi na wakunga, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za Kiafrika.

Vyuo vya tiba vilikuwepo. Makerere ilianza kufundisha utabibu mwaka 1924, Dar es Salaam mwaka 1963 na Nairobi mwaka 1967. Kilichopungua ni walimu, vitabu na nafasi za wanafunzi. Baadhi ya waliohitimu walihamia Uingereza, Marekani na nchi za Ghuba, na pengo likazidi kupanuka.

Kutoka setilaiti hadi maktaba ya intaneti

Miongoni mwa waliotangulia ni shirika la SatelLife, lililoasisiwa na daktari wa moyo wa Marekani, Bernard Lown. Setilaiti yake ndogo, HealthSat-2, ilirushwa mwaka 1993. Ilipopita juu ya nchi ilipokea ujumbe wa maandishi kutoka kituo kimoja na kuushusha kwenye kituo kingine. Kwa daktari ambaye majarida ya tiba yalimfikia kwa posta baada ya miezi kadhaa, au hayakumfikia kabisa, hata huduma hiyo ilikuwa na thamani kubwa.

Mwezi Januari 2002 WHO na wachapishaji sita wakubwa walianzisha mpango wa HINARI, uliofungua takriban majarida 1,500 ya tiba kwa taasisi za nchi maskini. Nchi ambazo wastani wa pato la mtu kwa mwaka haukufika dola 1,000 zilisoma bila malipo, na baadaye nchi zenye pato la juu kidogo zikapewa nafasi kwa ada nafuu.

Hata hivyo, cha kuazima hakidumu. Mwezi Januari 2011 wachapishaji kadhaa waliyaondoa majarida yao Bangladesh, kwa hoja kwamba tayari walikuwa na wanunuzi nchini humo. Waliyarejesha baada ya kulalamikiwa na wanasayansi, lakini tukio hilo lilidhihirisha kwamba maktaba ya namna hiyo inaweza kufungwa kwa uamuzi unaopitishwa mbali na wanaoitegemea.

Wauguzi wa Kenya

Mfano unaotajwa mara nyingi zaidi katika Afrika Mashariki ulianza nchini Kenya mwaka 2005. Wengi wa wauguzi wa nchi hiyo walikuwa na cheti tu, na mafunzo yao hayakuwa yamewaandaa vya kutosha kukabiliana na janga la Ukimwi. Ilikusudiwa zaidi ya wauguzi 20,000 wapandishwe hadi kiwango cha stashahada. Ikakadiriwa kwamba, kwa idadi ya nafasi zilizokuwepo vyuoni, kazi hiyo ingechukua takriban miaka 100.

Shirika la AMREF, lenye makao yake makuu Nairobi, likishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya, wizara ya afya na kampuni ya Accenture, lilianzisha masomo kwa njia ya kompyuta. Mpango wenyewe haukuwa na makuu. Kompyuta ziliwekwa katika vituo vya mafunzo na hospitali katika mikoa mbalimbali, na masomo yakahifadhiwa ndani ya kompyuta hizo au kwenye sahani za CD, ili ukosefu wa intaneti usimzuie mwanafunzi. Muuguzi alisoma kwa wakati wake, kabla au baada ya zamu, huku akiendelea na ajira na mshahara wake.

Siri ya mpango huo haikuwa kompyuta peke yake. Kila mwanafunzi alikuwa na mwalimu wa kumwongoza. Mafunzo ya vitendo yalifanyika wodini, na mitihani ilisimamiwa na Baraza lile lile linalowasajili wauguzi wote. Kwa sababu hiyo, aliyefaulu hakushukiwa kuwa na stashahada ya mlango wa nyuma. Wauguzi wengi, baadhi yao wakiwa hawajawahi kugusa kompyuta, walimaliza masomo, na utaratibu huo ukaenea hadi Uganda, Tanzania na nchi nyingine.

Mkongo wa baharini na simu ya mkononi

Hadi mwaka 2009 sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa intaneti, kwa gharama kubwa na kasi ndogo. Mwaka huo mkongo wa SEACOM ulifika pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na ule wa TEAMS unaotoka Fujairah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, hadi Mombasa. Mkongo wa EASSy ulifuata mwaka 2010.

Mwaka huo huo wa 2010 Marekani ilianzisha mpango wa MEPI, uliotengewa takriban dola milioni 130 kwa miaka mitano ili kuimarisha vyuo vya tiba vya Afrika. Makerere, Nairobi na chuo cha KCMC cha Moshi vilikuwa miongoni mwa walionufaika. Huko Moshi, maelezo ya mihadhara na sehemu ya mitihani vilihamishiwa kwenye kompyuta, jambo lililowapunguzia walimu wachache kazi ya makaratasi.

Simu nayo ilifungua mlango mwingine. Mpango wa Leap wa AMREF nchini Kenya ulitumia ujumbe mfupi na sauti zilizorekodiwa kuwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini kupitia simu za kawaida kabisa. Kwa wenye simu za kisasa, Chuo Kikuu cha Oxford na watafiti wa KEMRI-Wellcome wa Kenya walitengeneza mchezo unaoitwa LIFE, ambamo mwanafunzi hujaribu kumwokoa mtoto mchanga asiyepumua, hatua kwa hatua, kabla ya kukutana naye katika chumba cha kujifungulia.

Je, elimu hiyo ni sawa?

Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na David Cook wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha uchambuzi wa tafiti 201 kuhusu masomo ya afya kwa njia ya intaneti. Waliojifunza kwa njia hiyo waliwazidi kwa mbali wasiofundishwa lolote. Walipolinganishwa na waliofundishwa darasani, tofauti ilikuwa ndogo. Kwa maneno mengine, kompyuta haimshindi mwalimu mzuri. Faida yake huonekana pale ambapo mwalimu hayupo.

Ushahidi mwingine unatoka jimbo la New Mexico, Marekani. Mwaka 2003 Dakta Sanjeev Arora alianzisha mradi wa ECHO, ambapo wahudumu wa vijijini na wa magerezani hukutana kwa video na mabingwa kujadili wagonjwa wao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwahusu wagonjwa 407 wa homa ya ini aina ya C. Waliotibiwa na wahudumu hao walipona kwa asilimia 58.2, na waliotibiwa katika kliniki ya chuo kikuu kwa asilimia 57.5. Tangu hapo utaratibu huo umeingia katika nchi kadhaa za Afrika.

Mipaka yake

Mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya Covid-19, wanafunzi wengi walilazimika kusomea nyumbani. Wenye umeme wa uhakika na fedha za kununulia vifurushi vya intaneti waliendelea, na wengine wakabaki nyuma. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikazorota katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Masomo yaliyohifadhiwa ndani ya kompyuta, kama yale ya mwaka 2005, yasingeathirika na hitilafu ya namna hiyo.

Ipo pia mipaka ya lugha. Masomo mengi huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, wakati mgonjwa wa Tanga au wa Bukavu hueleza maumivu yake kwa Kiswahili.

Zaidi ya yote, hakuna kioo kinachomfundisha mkunga uzito wa tumbo chini ya kiganja chake, wala namna ya kumpa mama habari mbaya. Mambo hayo hufundishwa kando ya kitanda, na anayeyajua. Mipango iliyofaulu ilizingatia mgawanyo huo: kompyuta ilibeba nadharia, mwalimu akabaki wodini, na muuguzi hakulazimika kuufunga mlango wa zahanati yake.