Kobe wa Logo na Vishikwambi vya Tanga

Akili unde, ambayo baadhi ya waandishi huiita akili mnemba, ni uwezo wa mashine kutenda yale yanayodhaniwa kuhitaji fikra za binadamu, na uhusiano wake na watoto wadogo ni wa kale kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1967, nchini Marekani, Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Pretoria aliyewahi kufanya kazi na mwanasaikolojia Jean Piaget mjini Geneva, alishirikiana na wenzake, miongoni mwao Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, kubuni Logo, lugha ya kompyuta iliyochipuka kutoka Lisp, ambayo ndiyo iliyokuwa lugha ya watafiti wa akili unde. Baadaye Logo ikapewa kobe, yaani roboti mdogo aliyechora mistari sakafuni kwa amri ya mtoto. Na kwa kuwa amri hizo ziliandikwa, asiyejua kusoma alibaki nje, hadi Radia Perlman wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) alipotengeneza, katika miaka ya 1970, kasha la vitufe ambalo hata mtoto wa miaka 3 na nusu aliweza kulibonyeza na kumwendesha kobe huyo.

Kasha hilo liliondoa kizuizi cha kusoma, lakini si kile cha bei, kwani kompyuta za wakati huo zilikuwa mali ya maabara, wala si kile cha lugha, ambacho hakikuonekana kabisa kwa sababu watoto waliojaribiwa walisema lugha ileile ya watengenezaji.

Kizuizi hicho cha lugha kilidhihirika mkoani Tanga, nchini Tanzania. Shindano la Global Learning XPRIZE, lililotangazwa mwaka 2014 na kugharimiwa na Elon Musk, lilitaka programu zitakazomwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, na kuanzia mwishoni mwa 2017 programu 5 zilizofika fainali zilijaribiwa kwa Kiswahili, katika vishikwambi, yaani kompyuta bapa za kugusa kwa kidole, miongoni mwa watoto wapatao 3,000 wa vijiji takriban 170 vya mkoa huo. Mojawapo, RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilikuwa mrithi wa utafiti wa miaka mingi kuhusu mashine inayomsikiliza mtoto akisoma kwa Kiingereza, hivyo kuileta kijijini kulidai Kiswahili kiingie ndani ya programu yenyewe, si kwenye maandishi ya kioo tu.

Vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua. Watoto wenyewe walikwisha kuvuka umri wa elimu ya awali, wengi wao wakiwa hawajawahi kuhudhuria shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Hayo ni mafanikio, ingawa sharti la kujifunza bila mwalimu lilikuwa la ajabu kidogo, kana kwamba uhaba wa walimu ni hali ya hewa isiyobadilishika.

Mei 2019 Kitkit School na onebillion, mbili kati ya zile 5 za fainali, ziligawana tuzo kuu ya dola milioni 10. Msimbo wa programu zote za fainali, yaani maagizo yanayoiendesha mashine, uliachwa wazi ili yeyote auchukue na kuubadilisha, haki iliyomfaa kwanza yule ambaye tayari alikuwa na kishikwambi, umeme na mtaalamu wa kuandika programu.