Usalama wa Nani? Mapenzi, Mali na Ndoa katika Riwaya, kwa Jicho la Pwani ya Kismayu

Wahakiki wanaojadili ndoa katika riwaya za zamani hupenda kuanza na Jane Austen. Katika Pride and Prejudice (1813), Elizabeth Bennet anamkataa kasisi Collins, atakayerithi nyumba ya baba yake Elizabeth. Rafiki yake Charlotte Lucas anamkubali. Mmoja kafuata moyo, mwingine kafuata paa. Lakini mtihani huo ulitungwa na sheria. Mabinti wa Bennet hawakuweza kurithi shamba lile, na hadi sheria ya 1882, sehemu kubwa ya mali ya mke wa Kiingereza ilikuwa mikononi mwa mumewe.

Mtihani huohuo haufai visiwa vya Koyama na Chula wala mji wa Kismayu. Kwa Wabajuni wa pwani hiyo, walio Waislamu, mahari ni haki ya mke mwenyewe, naye humiliki na kurithi kwa jina lake. Bara, kwa Wasomali wafugaji, pamoja na mahari kuna yarad, mali inayokabidhiwa ukoo wa binti. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama binti achague mapenzi au mali, yafaa tuulize mali hiyo inamlinda nani.

Mwandishi Msomali Nuruddin Farah aliliuliza hilo katika From a Crooked Rib (1970). Ebla, binti wa wafugaji, anamtoroka babu aliyemwahidi kwa mzee Giumaleh. Ngamia ambao babu angepewa wasingekuwa wake. Anakimbilia mjini kwa binamu yake, naye pia anataka kumuoza kwa faida yake. Ebla si malaika wa mapenzi: anamfuata Awill hadi Mogadishu, na Awill akiwa Italia, yeye anaolewa kwa siri na tajiri Tiffo. Naona hapo ndipo ukweli wa riwaya hii ulipo. Ebla anaitafuta mali pia, ila safari hii kwa mkono wake.

Katika Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi, Yasmin, binti wa miaka 15, anaozwa Raza, mwenye duka aliyempita mbali kwa umri. Anapomkimbia na kurudi kwao Unguja, jamaa zake wanamfungia mlango. Haki ya mke iliyomo kitabuni haikumpa pa kulala. Hii ndiyo hoja yangu: katika riwaya zetu, anayeukataa utajiri hapotezi fedha kwanza, hupoteza jamaa.

Msomaji wa pwani ya Kismayu anaijua hasara hiyo. Vita vya Somalia, kuanzia 1991, viliwapokonya Wabajuni mashua, nyavu na nyumba. Wengi walikimbilia Lamu na Mombasa. Utajiri wa mume ulizama pamoja na chombo chake. Aliyekuwa na ndugu upande wa pili wa mpaka alikuwa na pa kufikia. Asiyekuwa naye alibaki kambini. Katika hali hiyo, kumwambia binti afuate moyo wake bila kutaja nani atampokea ni uhakiki nusu.

Ndiyo maana namwona Mwajuma, maskini aliyempokea Yasmin, kuwa mhusika mzito kuliko Denge, mpenzi wa Yasmin. Katika riwaya ya Farah pia, ni mjane jirani anayemsaidia Ebla kutoroka na Awill. Tumeandika mengi juu ya wapenzi. Juu ya wanawake hawa wanaofungua milango tumeandika machache mno.