Pikipiki ya safari ndefu iko mikononi mwa nani?

Leo tuache siasa kidogo, tuongee historia ya pikipiki. Siyo ile ya kupeleka watu sokoni. Ni ile ya safari ndefu, yenye mtu anapakia nguo, chakula, kle na mpira wa akiba, anatoka kwake na anaenda mpaka inchi ingine. Tukiiona kwenye picha tunasema: ile ni mambo ya Wazungu wenye pesa. Lakini ukifuata vizuri ginsi wale watu waliishi na mashine zao kila siku, unakuta jambo moja linarudi. Wenye walifika mbali hawakufika juu ya ukubwa wa injini. Walifika juu waliweza kuifungua wao wenyewe. Na hilo linatuhusu sisi kuliko tunavyofikiri.

Tuanze na Robert Edison Fulton, kijana wa Marekani. Mwaka 1932 alikuwa ametoka kusoma usanifu wa majengo kule Vienna, ni kusema alikuwa msomi mpya kama sisi. Akatoka London na pikipiki ya Douglas ya silinda 2, akapita Ulaya na Asia mpaka Tokyo, halafu akavuka Marekani na kufika New York mwisho wa mwaka 1933. Angalia kitu kimoja alichofanya mbele ya kuondoka: pikipiki yake ilifungwa mipira ya gari. Kwani mpira wa pikipiki haupatikani kila pahali, lakini wa gari unapatikana kwa urahisi zaidi. Hakujiuliza tu mpira gani ni muzuri. Alijiuliza: huu ukipasuka, nitapata wapi mwingine?

Hadithi ya pili ilipita hapa hapa kwetu. Tarehe 11 mwezi wa 12 mwaka 1934, wasichana wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London. Pikipiki yao ilikuwa Panther ya cc 600, yenye kigari cha ubavuni, na nyuma walivuta remorki. Walivuka Sahara bila dira, wakaingia Afrika ya kati, wakapita Kongo ya wakati wa Wabelgiji, halafu Uganda, Kenya, Tanganyika na Rhodesia, mpaka Cape Town. Walifika tarehe 29 mwezi wa 7 mwaka 1935. Ni zaidi ya miezi 7, na sehemu kubwa ya ile njia haikuwa hata barabara.

Sasa usifikiri kama hawa walikuwa watalii wenye bahati. Blenkiron ni yeye mwanamke wa kwanza kuzunguka uwanja wa mashindano wa Brooklands na pikipiki kwa mwendo wa maili 100 kwa saa, karibu kilomita 160, katika mwaka ule ule wa 1934. Wallach alikuwa amesomea uhandisi. Ile Panther ilikuwa na silinda 1 tu, kubwa, imelala kuelekea mbele, na injini yenyewe njo ilikuwa sehemu ya shasi. Mashine rahisi: pistoni moja, supapu mbili. Na urahisi ule uliwaokoa. Walipofika Agadez, ambayo leo iko Niger, injini ilikuwa imechoka na kuharibika. Wakaifungua yote na kuijenga upya. Hakukuwa garaji ya Panther katikati ya mchanga. Kulikuwa kle, akili na uvumilivu wa wasichana wawili.

Lakini ile ujuzi haikuzaliwa jangwani. Ilizaliwa nyumbani. Katika miaka ya 1930, mwenye pikipiki kule Uingereza hakuwa na namna: alipaswa kuitunza mwenyewe, uani ao chini ya kibanda. Petroli na mafuta ya injini ya wakati ule yaliacha masizi mengi ndani ya silinda. Kwa hiyo, kila baada ya kilomita elfu chache, mtu alitoa kichwa cha silinda, akakwangua masizi, akasaga supapu zikae vizuri, akarudisha. Alipima nafasi ya supapu. Alipaka mafuta sheni. Alisafisha buji. Alipiga kiraka ku mpira. Pikipiki iliuzwa pamoja na kifuko cha kle na kitabu cha kueleza ginsi ya kufanya. Hawakufanya hivyo juu ya mapenzi tu. Bila vile, Jumatatu asubuhi haufiki kazini. Mtu mwenye alizoea kufanya ile kazi kila mwezi, siku injini inakufa katika mchanga, anaona kazi anayoijua, tena pahali pabaya tu.

Halafu historia ikageuka polepole. Tangu mwaka 1923, BMW na R32 yake ilikuwa imetoa sheni na kuweka kardani, kusudi mtu asisumbuke tena na kupaka mafuta na kubana. Mwaka 1974 Honda ikaonyesha Gold Wing: silinda 4, cc 999, injini ya kupozwa na maji, kardani, mashine ya kukaa juu yake siku nzima bila mgongo kuuma. Mwaka 1980 ikaja BMW R80 G/S, yenye ilitengenezwa kwa barabara ya lami na ya udongo pamoja, na mwaka uliofuata Hubert Auriol akashinda nayo mashindano ya Paris-Dakar. Hizi zote ni hatua nzuri, siwezi kuzidharau. Lakini kila kazi yenye mashine ilimuondolea mwenyewe ilichukua pia kipande cha ujuzi wake, ikakipeleka kwenye garaji. Leo pikipiki kubwa nyingi za safari ziko na kompyuta ndani. Ikikwama, mwenyewe anatazama taa nyekundu na anangoja mtu mwenye chombo cha kuisoma.

Lakini kuna wenye walikataa kutengana na ule ujuzi. Mwaka 1982, Elspeth Beard, mwanafunzi wa usanifu wa majengo mwenye miaka 23, alitoka London na BMW R60/6 ya mwaka 1974, yenye alinunua ikiwa tayari imetumika sana. Alipofika Sydney pesa zilikuwa zimepungua. Akafanya kazi miezi 7 katika ofisi ya wasanifu, analala ndani ya garaji, na wakati huo huo anatengeneza pikipiki yake. Masanduku ya kubebea vitu alijitengenezea mwenyewe: alikunja bati za aluminium, akazipiga riveti, akaweka kufuli. Alianguka Australia, akalazwa hospitali. Akaanguka tena Thailand kwa kugonga mbwa, na familia maskini ikamtunza mpaka akapona. Alirudi London mwaka 1984, baada ya karibu kilomita 56 000. Halafu akarudi shuleni, akamaliza masomo.

Sasa turudi kwetu. Kutoka Komanda kwenda Mambasa, ao kutoka Bukavu kupanda milimani, hakuna mtu anaita pikipiki yake "ya safari". Lakini tuseme ukweli: pikipiki yetu ya cc 125 ao 150, yenye inabeba watu wawili, mfuko wa mbegu, kidumu cha mafuta na kuku juu yake, katika matope ya mwezi wa 11, inafanya safari ngumu kuliko Gold Wing nyingi. Na ni mashine ya silinda 1, rahisi, ndugu ya ile Panther. Inaweza kufunguliwa chini ya mwembe na kle chache.

Shida ni kwamba sisi wasomi tumeachia wengine akili yake yote. Mwenzetu mmoja wa promosheni yetu alipata kazi katika mradi wa kilimo. Akapewa pikipiki mpya, kaske na karatasi za kusaini. Hakuna mtu alimwambia nani anapima mafuta ya injini. Mradi ulifikiri ni dereva, na yeye alifikiri ni fundi wa mradi. Mwezi wa 4 injini ikakauka na kushikana, njiani, kilomita nyingi na kijiji. Wakulima walingoja mbegu, mvua ikapita. Pesa ya injini ikakatwa ku mshahara wake. Alisoma miaka 5 magonjwa ya mihogo, lakini kijiti cha kupimia mafuta hakuna mwalimu alimuonyesha.

Kumbe ile kazi si ngeni kwetu. Mtu wa agronomia anasoma jani: likigeuka njano anawaza azoti, likichomeka pembeni anawaza potasiamu. Buji inasomwa vile vile. Ukiitoa na ncha iko kahawia, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi na masizi makavu, petroli inazidi ao filtri ya hewa imejaa. Ikiwa nyeupe, injini inachomeka sana. Pikipiki ndogo nyingi ziko na karibu lita 1 tu ya mafuta ndani, na ile lita moja inalainisha injini, gia na klachi pamoja. Ikipungua robo tu, ni hatari. Sheni iachiwe mchezo kidogo katikati, kati ya sentimita 2 na 3 kwa pikipiki nyingi ndogo, kwani ukiibana sana inakula meno. Filtri ya hewa, wakati wa kiangazi, isafishwe mara nyingi: lile vumbi jekundu likiingia ndani linasaga pistoni kama mchanga unavyosaga jiwe la kunolea. Pumzi ya mipira ipimwe asubuhi, mbele ya kutembea, ingali baridi. Na uwe na daftari ndogo, kama ile ya shamba: tarehe, kilomita, ulibadilisha nini.

Sisemi tuwanyang'anye mafundi kazi yao. Fundi muzuri ni mwalimu, na wengi wao hawakukaa hata siku moja katika auditoire lakini wanasikia sauti ya supapu mbovu kwa mbali. Sisemi pia kila mtu aende Cape Town. Nasema tu: yule mwenye anapanda juu ya mashine njo atakuwa pamoja nayo siku inakufa porini. Na dada zetu, msikubali mtu awaambie kama kle ni kitu cha wanaume. Wallach, nyuma ya ile safari, alifanya kazi ya mekanika na kubeba ujumbe na pikipiki katika jeshi wakati wa vita ya pili ya dunia, halafu akahamia Marekani, akafungua duka la pikipiki Chicago, na baadaye shule ya kufundisha watu kuendesha kule Phoenix.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa shirika letu ni dogo. Jumamosi moja kwa mwezi, tualike fundi mmoja wa mtaa, tumlipe siku yake, na kila mmoja alete pikipiki yake, hata ya kuazima. Tuanze na mafuta na sheni. Wenye wako na kle nyumbani waandike hapa chini namba gani wako nazo, na wenye wanajua fundi mwenye subira ya kufundisha watuambie ni wa kota gani.