Volvo PV544 ya akina Singh
Gari la Uswidi lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1965. Lilikuwa mtumba: kiwanda cha Volvo kililileta kwa mashindano ya Pasaka ya 1964, likashindwa kumaliza, likauzwa Kenya. Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho, na mdogo wake Jaswant walilifumua na kuliunda upya kabla ya msimu uliofuata. Kura iliwapa namba 1, hivyo matope yote waliyakuta kwanza wao. Hata hivyo walimshinda wa pili, aliyeendesha Peugeot 404, kwa dakika 100 hivi. Ushindi huo ni wa gereji kuliko wa kiwanda. Joginder alishinda tena 1974 na 1976, kwa Mitsubishi.