Bert Williams: Masizi juu ya uso mweusi

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalichukua mamia ya mikanda ya filamu iliyobaki katika ghala la Biograph, kampuni iliyokuwa imeacha kutengeneza picha miaka mingi kabla. Katika shehena hiyo mlikuwa na mikanda saba isiyo na jina, isiyo na maelezo ya hadithi wala orodha ya waigizaji. Ilikaa katika hifadhi miongo kadhaa kabla ya wataalamu kuanza kuichunguza picha moja baada ya nyingine.

Walichokikuta ni picha zilizopigwa mwaka 1913, waigizaji wake karibu wote wakiwa Wamarekani Weusi. Wanaume kwa wanawake wamevalia nadhifu, wanacheza ngoma, wanapanda bembea ya farasi wa mbao na wanagombea mchumba. Nyuso zao ni zao wenyewe, hazikupakwa kitu. Mmoja tu, mrefu, mwenye mabega yaliyolegea, amepakwa masizi meusi tii, na ndiye nyota wa filamu. Jina lake ni Bert Williams, na katika kizazi chake hakuna Mweusi aliyejulikana kuliko yeye katika burudani ya Marekani.

Kwa nini mtu mweusi apakwe weusi? Jibu limo katika safari yake ya kazi, iliyodumu takriban miaka 30.

Egbert Austin Williams alizaliwa Nassau, visiwani Bahamas, tarehe 12 Novemba 1874. Angali mtoto, wazazi wake walihamia Marekani, na baadaye wakaweka makazi Riverside, California. Mwaka 1893, akitafuta riziki kwa kuimba na kupiga ala mjini San Francisco, alikutana na George Walker, kijana mchangamfu kutoka Kansas. Wakaungana, na ushirika wao ukadumu miaka 16.

Burudani iliyotamba Marekani siku hizo ilikuwa ya Wazungu waliochoma kizibo cha chupa, wakajipaka masizi yake usoni, wakajichora midomo mipana na kupanda jukwaani kumwigiza Mweusi kuwa mjinga, mvivu na mwizi wa kuku. Mtindo huo ulikuwa umeshamiri tangu miaka ya 1830, na uliwatajirisha watu. Williams na Walker wakaona mwanya. Ikiwa Mzungu analipwa kwa kujifanya Mweusi, Mweusi mwenyewe atashindwaje? Wakajitangaza kuwa ndio Weusi halisi, tena kwa kutumia tusi lile lile ambalo Wazungu waliwatukania.

Mwaka 1894 San Francisco ilifanya maonyesho makubwa, na sehemu yake mojawapo ilikuwa kijiji cha watu wa Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin. Waafrika waliotarajiwa wakachelewa kufika. Waandaaji wakawaajiri Wamarekani Weusi wakae kijijini humo wakijifanya wao ndio Wadahomey, na miongoni mwa walioajiriwa wakawamo Williams na Walker. Wageni halisi walipowasili, waigaji wakaachishwa kazi. Walker alikuja kueleza kwamba yeye na mwenzake waliendelea kwenda pale kuwatazama Waafrika hao, na hapo ndipo lilipoanza wazo la kuipandisha Afrika jukwaani.

Mwanzoni Walker ndiye aliyekuwa mchekeshaji na Williams mwenye kuzungumza kwa utulivu. Siku moja, katikati ya miaka ya 1890, Williams alijipaka masizi kwa majaribio, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Wakabadilishana nafasi. Walker akawa mtanashati mjanja asiyepaka chochote, na Williams, aliyekuwa mweupe kuliko mwenzake, akawa mzito wa mwendo, mtu wa nuksi ambaye kila jambo linamwendea kombo. Katika makala aliyoandika mwaka 1918 alieleza kwamba uchekeshaji wake haukukomaa mpaka alipoweza kujitazama kana kwamba anamtazama mtu mwingine. Masizi yalimpa huyo mtu mwingine, lakini tangu siku ile umma haukumruhusu kuyafuta.

Matunda ya ushirika yalionekana tarehe 18 Februari 1903, pale mchezo wao wa nyimbo, *In Dahomey*, ulipofunguliwa katika New York Theatre. Muziki ulitungwa na Will Marion Cook, na mashairi yalitoka kwa mshairi mashuhuri Paul Laurence Dunbar. Ulikuwa mchezo kamili wa kwanza ulioandikwa na kuigizwa na Weusi kuonyeshwa katika ukumbi mkubwa wa Broadway. Hata hivyo, watazamaji Weusi walilazimika kukaa roshani za juu, kwa kuwa viti vya chini vilikuwa vya Wazungu. Mwaka huo huo kundi zima lilivuka bahari hadi London, na mwezi Juni likaitwa Kasri la Buckingham kuburudisha katika sikukuu ya kuzaliwa ya mjukuu wa Mfalme Edward wa Saba. Mwaka 1906 wakarudi na *Abyssinia*, mchezo uliowekwa katika nchi ya Menelik, mfalme ambaye miaka kumi kabla alikuwa amewashinda Waitalia pale Adwa. Hadhira ya Marekani ilizoea kumwona Mweusi katika shamba la pamba. Hapa alikuwa na mfalme, baraza na jeshi lake.

Wakati huo huo sauti ya Williams iliingia majumbani. Williams na Walker walianza kurekodi santuri mwaka 1901, na wimbo wa Williams, “Nobody”, unaohusu mtu ambaye katika dhiki zake hakupata wa kumsaidia, ukawa alama yake kwa maisha yake yote.

Mwaka 1909 Walker aliugua akashindwa kuendelea na kazi, na Januari 1911 akafariki. Williams, aliyebaki peke yake, alikuwa tayari amechukuliwa mwaka 1910 na mtayarishaji Florenz Ziegfeld katika *Follies*, onyesho la fahari kuliko yote New York. Baadhi ya waigizaji Wazungu walitishia kuondoka wasichangie jukwaa na Mweusi. Ziegfeld hakutikisika, na Williams akawa nguzo ya onyesho hilo hadi 1919. Masharti yake mwenyewe yanaonyesha jinsi alivyoijua nchi aliyokuwamo: asipelekwe majimbo ya Kusini, na asiachwe peke yake jukwaani na mwanamke Mzungu. Mwigizaji mwenzake Eddie Cantor alisimulia jinsi walivyofika hotelini na Williams akatakiwa kupanda lifti ya nyuma ya watumishi. Alimwambia Cantor kwamba isingemuuma sana kama si makofi ya watazamaji yaliyokuwa bado yakivuma masikioni mwake.

Filamu ile ya 1913 ilipigwa katika kipindi hicho cha umaarufu. Williams ni mmoja wa wanaume wanaomgombea binti anayeigizwa na Odessa Warren Grey, na mwishoni anampata. Wawili hao wanabusiana mbele ya kamera kwa upole na bila mzaha, jambo ambalo filamu za wakati ule ziliwapa wapenzi Weusi kwa nadra sana. Upande mwingine wa kamera, wasimamizi Wazungu walifanya kazi pamoja na Sam Corker, Mweusi. Lakini kazi haikukamilishwa, wala hakuna ukumbi ulioionyesha. Mwaka 1915 D. W. Griffith, ambaye naye alikuwa amekulia katika Biograph, alitoa *The Birth of a Nation*, filamu iliyolitukuza kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan na kuwatumia Wazungu waliopakwa masizi kumwonyesha Mweusi kama mnyama. Hiyo ilionyeshwa hadi Ikulu ya Marekani, huku ile ya Williams ikikaa kwenye makopo.

Mwaka 1916 Biograph ilimpa nafasi nyingine, naye akatoa filamu fupi mbili, *A Natural Born Gambler* na *Fish*. Ya kwanza aliiongoza mwenyewe. Ndani yake mna mizaha ya kuku na karata ambayo leo inakera. Lakini mwishoni mcheza kamari huyu yuko jela peke yake, hana karata wala wenzake, na anaanza kucheza poka ya kuwaza. Anagawa karata zisizokuwapo, anawakagua wapinzani mmoja mmoja kwa jicho la pembeni, anaziona zake na uso unamng'aa. Anaongeza dau. Kisha mkono wa asiyeonekana unafunguliwa, na uso ule ule unaporomoka taratibu. Hata katika mchezo aliouwaza mwenyewe, ameshindwa. Filamu haina sauti, na hakuna neno linalohitajika.

Mwishoni mwa Februari 1922, akiwa na homa ya mapafu, alianguka jukwaani mjini Detroit katika mchezo wa *Under the Bamboo Tree*. Watazamaji wakacheka wakidhani ni sehemu ya kichekesho. Alifariki New York tarehe 4 Machi, akiwa na umri wa miaka 47.

Kuna Weusi wenzake waliomlaumu angali hai kwamba alikuwa akiwauzia Wazungu picha waliyoitaka, na lawama hiyo ina uzito. Miaka ya 1930 Lincoln Perry, maarufu kwa jina la Stepin Fetchit, alitajirika Hollywood kwa mwigo ule ule wa Mweusi mvivu, na njia hiyo Williams alikuwa ameshaipita. Lakini Booker T. Washington, kiongozi aliyesikilizwa kuliko wengine katika zama hizo, aliandika mwaka 1910 akimsifu Williams kwa mchango wake kwa watu weusi. Ushahidi wa filamu ya 1913 unampa Washington haki. Williams alikubali masizi usoni mwake, na kwa jina lake kikundi kizima cha Weusi kikasimama mbele ya kamera bila masizi, kikapenda na kupendwa kama watu.

Makumbusho yalizionyesha picha hizo kwa umma mwaka 2014, miaka 101 baada ya kupigwa, na mwaka huo huo Maktaba ya Bunge la Marekani ikaziingiza katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Anayetaka kumhukumu mchekeshaji huyu asianze na masizi yake. Aitazame kwanza ile poka ya jelani, kisha aseme kama kuna mwigizaji wa filamu bubu, hata Chaplin, aliyeeleza mengi zaidi kwa uso na vidole peke yake.