Bomba la choo huondoa uvundo lakini haliokoi kisima

Mashambani na katika mitaa ya pembezoni mwa miji, choo cha shimo hupimwa kwa pua. Kisiponuka, mwenye boma huridhika na mgeni husifu. Lakini pua haiwezi kumweleza mtu yanayotendeka chini ya sakafu, ambako maji machafu ya shimo huteremka polepole ardhini kuelekea kwenye visima na chemchemi.

Uvundo unaopanda na uchafu unaoteremka ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake. Uvundo huondolewa kwa bomba lisilo ghali. Maji hulindwa kwa kuchagua mahali pa kuchimba shimo, kina chake na udongo unaolizunguka. Hatari huzuka pale familia inapotimiza la kwanza na kudhani imetimiza na la pili.

Choo cha shimo chenye bomba la hewa kilipata umaarufu nchini Zimbabwe mapema miaka ya 1970, wakati huo nchi hiyo ikiitwa Rhodesia. Aliyekibuni ni mtafiti Peter Morgan wa Maabara ya Utafiti ya Blair mjini Salisbury, ambao leo ni Harare. Wazimbabwe hukiita choo cha Blair. Kwingineko barani kilienea kwa kifupisho cha VIP, ingawa hakikukusudiwa waheshimiwa bali mwanakijiji wa kawaida. Mwaka wa 2013 Morgan alitunukiwa Tuzo ya Maji ya Stockholm kwa kazi yake ya miaka mingi kuhusu vyoo na pampu za maji za vijijini.

Kwa macho, tofauti ya choo hicho na kile cha zamani ni ndogo. Bomba refu husimama nyuma au kando ya kibanda, mguu wake ukiwa shimoni na mdomo wake juu ya paa. Mdomo huo hufunikwa kwa wavu.

Wengi huamini kwamba bomba hufanya kazi kwa kupashwa joto na jua, na ndiyo sababu mafundi hulipaka rangi nyeusi. Jua husaidia kiasi. Hata hivyo, vipimo vilivyofanywa Botswana na Zimbabwe mapema miaka ya 1980 vilionyesha kwamba nguvu kubwa hutokana na upepo.

Upepo unapopita juu ya mdomo wa bomba, huivuta hewa iliyo ndani yake. Hewa ya shimoni hupanda kuijaza nafasi hiyo, na hewa safi kutoka nje huingia kibandani na kushuka kupitia tundu la choo. Kwa hivyo aliyemo chooni huzungukwa na hewa inayoshuka, si mvuke unaopanda. Wataalamu walikadiria kwamba hewa ya mita 20 za ujazo ikipita kwa saa moja, harufu haisikiki kibandani.

Kutokana na maelezo hayo, makosa mengi ya mafundi hujieleza yenyewe.

Kosa la kwanza ni kifuniko. Kwa muda mrefu wananchi wamefundishwa kufunika tundu la choo ili kuzuia nzi, na kwa choo kisicho na bomba mafundisho hayo ni sahihi. Kwa choo chenye bomba, kifuniko hukata njia ya hewa na kuufanya mtambo wote usimame. Tundu huachwa wazi. Jambo hili huwakera baadhi ya akina mama, na si ajabu, kwa kuwa huonekana kama uzembe.

La pili ni kofia. Fundi anayehofia mvua hufunga kipande cha bati au kiungo chenye umbo la herufi T juu ya bomba. Maji ya mvua yanayoingia kupitia mdomo wa bomba ni machache mno kuleta madhara, lakini kofia hiyo huuzuia upepo usivute hewa. Vilevile bomba halipaswi kukunjwa, kwani kila kona hupunguza mwendo wa hewa na kuzuia mwanga usifike shimoni.

La tatu ni vipimo. Bomba la plastiki linalopendekezwa lina upana wa milimita 150. Lile jembamba la milimita 100, ambalo hununuliwa zaidi kwa kuwa ni rahisi, hutosha tu mahali penye upepo wa kutosha nyakati nyingi. Dohani ya matofali huhitaji upana zaidi, takriban milimita 230 kila upande, kwa sababu kuta zake zina mikwaruzo. Mdomo wa bomba sharti upite sehemu ya juu kabisa ya paa kwa angalau sentimita 50. Choo kilichojengwa chini ya mwembe mkubwa huwa na kivuli kizuri na harufu mbaya.

Mlango au tundu la kuingizia hewa huelekezwa upande unakotoka upepo. Dirisha likiwekwa upande wa pili, upepo hupita moja kwa moja kibandani bila kuisukuma hewa chini. Pwani, ambako kusi na kaskazi hupokezana, fundi mwangalifu huuliza kwanza ni upepo upi unaotawala miezi mingi.

Njia rahisi ya kupima kazi ya fundi ni kushika kijiti cha udi kinachofuka moshi juu ya tundu la choo. Moshi ukishuka, bomba linavuta. Ukipanda au kusimama, kuna kasoro. Kijiti hicho kisitupwe shimoni, kwani humo huweza kuwa na gesi inayoshika moto.

Wavu ulio juu ya bomba una kazi yake, nayo si kupamba. Nzi huvutwa shimoni na harufu, na wanapotaka kutoka hufuata mwanga. Kibanda kikiwa na giza la wastani, mwanga mkubwa huwa ule wa juu ya bomba. Nzi hupanda, hukwama kwenye wavu na hatimaye kufa. Katika jaribio moja la Morgan, mitego iliwekwa kwa siku 78 kwenye vyoo viwili vilivyofanana isipokuwa bomba. Choo kisicho na bomba kilitoa nzi 13,953. Chenye bomba na wavu kilitoa 146.

Wavu wa chuma cha kawaida haudumu, kwa kuwa gesi za shimoni huula kwa kutu. Ule wa chuma kisichoshika kutu, au wa nyuzi za kioo zilizopakwa plastiki, hukaa miaka mingi. Wavu ukitoboka, nzi hupata njia ya kutoka shimoni na kurudi jikoni.

Mbu ni habari nyingine, maana hawafuati mwanga kama nzi, na bomba pekee haliwazuii kuzaliana katika shimo lenye maji. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembe nyepesi za plastiki ndani ya vyoo vya maji maji. Chembe hizo zilielea na kufunika uso wa maji hivi kwamba viluwiluwi wa mbu hawakuweza kupumua. Zilipotumiwa pamoja na dawa za kutibu wakazi, mbu waenezao matende na mabusha walipungua sana na kubaki wachache kwa miaka kadhaa.

Ila kisa hicho kinadokeza jambo zito zaidi. Shimo lenye maji ya kusimama mara nyingi limechimbwa hadi kukutana na maji ya ardhini. Hapo hakuna bomba liwezalo kusaidia, hata likiwa na upana wa pipa.

Udongo mkavu ulio chini ya shimo ndio chujio. Maji machafu yanapopenya taratibu katika chembe za udongo, bakteria wengi hunaswa na kufa kabla ya kufika mbali. Virusi ni vidogo zaidi na huweza kusafiri zaidi. Maji ya ardhini yakiwa karibu na kitako cha shimo, chujio hilo hukosekana na viini huingia majini moja kwa moja.

Kwa sababu hiyo, viwango vinavyotumiwa na mashirika ya misaada hutaka shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kitako chake kiwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini. Choo kikiwa mlimani na kisima bondeni, hata umbali huo hauna dhamana. Kwenye mwamba wenye nyufa, kiwango hicho hakitoshi.

Kipimo cha kina hufanywa wakati wa mvua nyingi, si wakati wa kiangazi. Mwenye boma anaweza kuteremsha kamba yenye jiwe katika kisima cha jirani mwezi wa Mei. Ikiwa maji yako mita 6 chini, shimo lisizidi mita 4.5. Shimo lililochimbwa Februari na kuonekana kavu huweza kujaa maji kabla ya masika kwisha.

Ukanda wa pwani ya Kenya ni mfano mgumu. Mombasa na miji jirani imesimama juu ya mawe ya matumbawe, yenye mianya ambayo maji hupita kwa kasi bila kuchujwa. Huko, kisima na choo katika ua mmoja hukaribia kuwa chombo kimoja, hata kama hatua zinazovitenganisha zinaonekana nyingi.

Kisumu nako kuna funzo lake. Utafiti uliochapishwa 2013 kuhusu visima vya mitaa ya Manyatta na Migosi uligundua kwamba wingi wa vyoo vya shimo katika mita 100 kuzunguka kisima uliambatana na ongezeko la nitrati na kloridi majini. Si choo cha mwenye kisima peke yake kinachohesabiwa, bali vyote vya majirani. Katika ploti yenye upana wa mita 15, kanuni ya mita 30 haina pa kusimama, na fundi hodari hawezi kuitimiza kwa ustadi wake.

Nitrati hazina harufu wala rangi, na kuchemsha maji hakuziondoi. Kinyume chake, maji yanapopungua sufuriani nitrati huzidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanyweshwao maziwa ya kopo, ambao damu yao hushindwa kubeba oksijeni. Klorini nayo huua viini lakini haizigusi nitrati.

Palipo na maji ya karibu, shimo hujengwa nusu juu ya ardhi, kuta zake zikitiwa saruji zisivuje na ngazi zikiongezwa mlangoni. Njia nyingine ni choo kinachotenganisha mkojo na kinyesi, ambacho huhifadhi uchafu mkavu katika vyumba viwili vilivyofungwa juu ya ardhi. Bomba na wavu hutumika pia katika vyoo hivyo, kwa kanuni zile zile za upepo. Gharama huwa kubwa kuliko ya shimo la kawaida. Lakini pale ambapo ploti imebanana, kilicho rahisi zaidi ni kuacha kunywa maji ya kisima hicho, kikabaki cha kufulia na kupigia deki, na ya kunywa yakatoka kwenye bomba la mji.

Wakazi wa nyumba za ghorofa wana choo cha maji, ambacho uvundo wake huzuiwa na maji yanayosimama katika kona ya bomba chini ya bakuli. Umbo hilo lilisajiliwa na Alexander Cumming nchini Uingereza mwaka wa 1775. Bomba la hewa linalopanda hadi paani huzuia maji hayo yasifyonzwe wakati jirani wa juu anapomwaga. Nyumba ikikaa wiki kadhaa bila mtu, maji hukauka na harufu huingia. Ndoo moja humaliza tatizo. Mdomo wa bomba hilo uwe mbali na tangi la maji lililoko paani, na tangi liwe na kifuniko kinachobana.

Mgao wa maji huleta hatari yake pia. Presha inaposhuka, bomba la maji safi huweza kuvuta kilicho karibu na mdomo wake. Mpira wa kutawadhia ulioachwa ukiwa umezama katika bakuli au ndoo chafu huweza kuyarudisha maji hayo ndani ya mabomba ya nyumba nzima. Mpira huo hutundikwa ukutani, juu ya usawa wa bakuli, na koki yake kufungwa kila baada ya matumizi.